Mashine ya Gololi Niliyoilaza Sawa

Vijana wangu wa karakana, salamu nyingi kutoka Kinango. Saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuniaga nimeitundika sebuleni na inafanya kazi vizuri. Sijui ni nani aliyefikiri kwamba mtu aliyemaliza kazi anahitaji saa, lakini namshukuru. Sasa najua kwa dakika kamili ni muda gani umepita tangu niitwe mara ya mwisho kwenda kuzibua choo cha mtu.

Siku ile meneja wenu alishika kipaza sauti akasimulia habari ya mashine ya gololi, ambayo yeye aliisikia kwa mtu aliyeisikia kwa mtu. Kwa maelezo yake, mimi Mwero niliitega sikio mashine ile kama daktari, nikautambua ugonjwa wake, nikaiponya, na hoteli ikaokoka. Mkapiga makofi. Kisha akatangaza kwamba karakana itaitwa kwa jina langu na kwamba kibao kimeshaagizwa kwa fundi wa Ukunda. Nikasema asante, nikakaa, nikala keki. Keki ilikuwa nzuri. Lakini nimekuwa na wiki sita za kukaa na ile asante, na haikai vizuri tumboni. Kwa hiyo naandika mambo yalivyokuwa, na naomba barua hii ifike kabla ya kibao.

Nianze na siku yangu ya kwanza. Niliingia hoteli ile ya Diani nikiwa na vyeti viwili vya umeme na kiburi cha vyeti vitatu. Mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Hamisi, Mdigo wa Msambweni, ambaye cheti chake kilikuwa penseli nyuma ya sikio. Alikuwa seremala, mwashi na fundi bomba, na umeme pia aliujua kuliko alivyopenda kuonyesha. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikabidhi pima maji ya mbao yenye shaba kwenye ncha zake, akaniambia nikapime meza za chumba cha kulia. Nikamweleza kwa adabu kwamba mimi ni fundi umeme. Akasema hilo ni jambo jema, na meza ziko upande ule.

Siku tatu nilitambaa chini ya meza huku wageni wakila mayai juu ya kichwa changu. Nilichonga vipande vya mbao, nikaviingiza chini ya miguu, nikapima, nikatoa, nikapima tena. Siku ya nne nilikuwa nimeipenda pima maji kuliko vyeti vyangu. Mzee Hamisi alikuwa na msemo wake, kwamba maji hayamwogopi mtu. Fundi anaweza kudanganya, na meneja huenda akadanganywa, lakini lile povu dogo ndani ya kioo haliwezi kuhongwa. Niliuamini msemo ule mzimamzima, kama mtu aliyeokoka jana.

Na hapo ndipo lilipotokea lile jambo la bafu, ambalo meneja wenu hakulisimulia kwa sababu halijui. Miezi kadhaa baadaye nilipewa kazi ya kumwaga sakafu mpya ya bafu katika chumba namba kumi na nne. Niliimwaga, nikaipima, nikaisugua, ikawa sawa kabisa, haijapata kuonekana sakafu iliyolala namna ile pwani nzima. Mgeni akaoga. Maji yakakaa pale yalipo, kwa kuwa hayakuona sababu ya kwenda popote. Mpaka asubuhi yalikuwa yameshafika kwenye zulia. Mzee Hamisi alikuja, akatazama, hakunifokea. Alinipa nyundo na tindo nikabomoa kazi yangu mwenyewe, kisha akanieleza kwamba kuna vitu vya kulala na kuna vitu vya kuteremka, na fundi huuliza kwanza kitu chenyewe kina kazi gani kabla ya kuuliza maji. Nikasema nimeelewa. Mtu mwenye mikono iliyovimba kwa nyundo husema ameelewa.

Sasa niwapeleke mwishoni mwa miaka ya tisini, ule mwaka wa vurugu za kabla ya uchaguzi huku pwani, wageni walipotukimbia, na halafu mvua za El Nino zikaja kuwafukuza wachache waliobaki kwa ubishi. Hoteli ya vyumba mia ikawa na wageni tisa, na wawili kati yao walikuwa wamekwama tu. Wafanyakazi walikuwa wakipewa likizo ambazo hawakuziomba. Bwana Dieter, Mjerumani aliyekuwa meneja wetu wakati ule, alituita mimi na Mzee Hamisi ofisini akatuambia kwamba karakana haiwezi kubeba mafundi wawili. Mwisho wa mwezi atabaki mmoja. Yeye ataangalia nani ana faida zaidi. Tulitoka pale tukarudi karakana, na Mzee Hamisi akaendelea kuupiga msasa mlango aliokuwa ameuacha. Mimi nilikuwa na watoto watatu shuleni, na Kinango ng'ombe wetu wengi walikuwa wamekwisha kwa ukame kabla ya hiyo mvua. Yeye alikuwa na wajukuu sita na paa lililovuja. Hakuna aliyemtajia mwenzake hayo, maana kila mmoja aliyajua ya mwenzake.

Katika hali hiyo ya njaa, Bwana Dieter akapata dawa. Kaka yake huko kwao alikuwa amefunga baa yake, na badala ya kumtumia ndugu yake wageni, alimtumia mashine. Ilishuka kutoka kwenye lori wiki moja baadaye ikiwa imevikwa nailoni kama maiti wa kitajiri, wapishi wanne wakaibeba mpaka baa, kwani wapishi hawakuwa na cha kupika.

Ilikuwa mashine ya gololi. Kwa wasioiona, ni kama meza ndefu yenye kioo juu, na ndani yake gololi ya chuma hukimbia kati ya vizuizi na taa, nawe unabonyeza vitufe ubavuni ili viganja viwili vya plastiki viirudishe juu isitumbukie shimoni. Hii yetu ilikuwa imepambwa kwa bendi moja ya roki. Kwenye kioo kilichosimama nyuma walichorwa wanaume watano wenye nywele za kufika kiunoni, wamevaa makoti ya ngozi na kuzungukwa na moto. Nilipowatazama jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba kwa joto la Diani wasingefika wimbo wa pili. Wa katikati alikuwa amefungua kinywa mpaka koo lote linaonekana, na mwenye gitaa alikuwa amelikaba kama anayemchinja kuku asiyetaka kufa. Wafula, mhudumu wa baa, kijana wa kutoka bara ambaye alijua kila kitu kilichotokea Nairobi, akatuambia kwamba bendi hiyo ilivuma sana zamani. Nikamwamini. Watu wa namna ile lazima wavume mahali, la sivyo wangefungwa.

Kitabu cha maelezo kilikuwa ndani ya boksi, kimelowa na kurasa zimegandana, na zile zilizoachana zilikuwa kwa Kijerumani. Bwana Dieter angeweza kusoma. Alisema fundi hasomi, fundi anatengeneza. Kazi ile akanipa mimi kwa kuwa ina nyaya, na akaongeza kwamba Jumamosi watakuja mawakala wa safari kutoka Ulaya kuona kama tunastahili kuletewa watu tena. Anataka wakute baa yenye uhai. Mimi nilisikia kingine. Nilisikia kwamba Jumamosi ndiyo itakayochagua fundi.

Basi nikafanya kazi kama sijawahi kufanya. Nikafunga miguu minne, nikaunga nyaya, nikasafisha kila kigusio cha umeme kwa spiriti na kitambaa cha pamba. Halafu nikaitoa pima maji, ileile ya siku ya kwanza, nikailaza juu ya kioo. Povu likakimbia mpaka ukingoni. Mashine ilikuwa imeinama kuelekea kwa mchezaji! Niliwaonea huruma Wazungu. Watu wanaotengeneza ndege wanashindwa na miguu minne. Nikazungusha skrubu za miguu ya nyuma zikaingia zote, na ilipokuwa bado haijatosha nikachonga vibao viwili vya mninga nikaviweka chini ya miguu ya mbele. Ubavuni mwa ile meza kulikuwa na pima ndogo ya kioo, ndefu kama kidole, imefungwa kwa skrubu mbili. Sasa ilikuwa inaonyesha kwamba mashine imekosewa vibaya. Nikailinganisha na yangu, nikaona ya kiwandani ni mbovu, nikaifungua nikaitia mfukoni isije ikamchanganya mtu. Ndivyo mtu anavyomfukuza shahidi pekee mkweli kwenye kesi yake.

Nikawasha umeme. Hapo nakiri nilishtuka. Taa zilipasuka kila upande, gitaa likalia, na sauti nzito ikanguruma kutoka tumboni mwa mashine kana kwamba nimemkanyaga mtu. Wafula akaacha glasi zake akaja. Nikavuta kishikio cha springi, nikaachia. Gololi ikapaa, ikazunguka juu kwa fahari, ikagonga kinundu kimoja kilichochorwa kama ngoma, ikarudi nyuma kidogo, ikatembea taratibu hadi mbele ya kinywa cha mwimbaji, ikasimama.

Tukaisubiri. Bendi ikaendelea kupiga. Wimbo ukaisha, ukaanza upya. Gololi ilikuwa imetulia pale kama mzee aliyemaliza kula.

"Fundi, hii kitu imelala," Wafula akasema. "Ama ni mchezo ya wazee?"

Nikamwambia kwamba mambo ya Ulaya yanataka subira. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Kwa kweli nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba huo ndio mchezo wenyewe, kwamba wale wenye nywele wanakuimbia huku unatafakari gololi mpaka ipate hamu ya kuondoka. Baada ya wimbo wa tatu nilichoka kutafakari, nikaisukuma mashine kwa nyonga. Taa zote zikazimika, muziki ukakatika, na juu likatokea neno moja kubwa, TILT. Nilimuuliza Wafula lina maana gani. Akasema ni kuinama, mashine inalalamika imeinamishwa. Nikaipima upya. Povu lilikuwa katikati kama mboni ya jicho. Nikakunja karatasi ya pakiti ya sigara mara nne nikaiongeza chini ya mguu mmoja ili iwe sawa zaidi. Siku mbili nzima nilifungua ubao wa umeme, nikafuata nyaya moja moja, nikatafuta ugonjwa kwa mgonjwa mzima.

Alhamisi Bwana Dieter akaja kucheza. Gololi ikapaa, ikazunguka, ikaenda kusimama palepale mbele ya kinywa. Akaitazama gololi, akanitazama mimi, tena akaitazama gololi. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukata kwamba Jumamosi mpira ukilala, fundi atakwenda kulala kwao. Kisha akaondoka. Usiku ule nyumbani sikula.

Asubuhi ya Ijumaa nilifika mapema nikamkuta Mzee Hamisi amepiga magoti nyuma ya mashine. Hakuwa ameitwa. Kwa hesabu za mwezi ule, mashine ile ikinishinda mimi, anabaki yeye. Alikuwa amekwisha kuviondoa vibao vyangu vya mninga na kuvipanga pembeni vizuri, kwa heshima, maana vilikuwa vimechongwa vyema.

Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza kama ni mimi niliyeilaza. Nikasema ndiyo, na iko sawa kabisa.

"Naiona," akasema. "Umelisahau bafu, mwanangu."

Nilivitazama vile vibao vyangu vya mninga pembeni. Miaka yote ile, nyundo yote ile, na nilikuwa nimemwaga sakafu ya chumba namba kumi na nne mara ya pili.

Akanionyesha skrubu ya mguu wa nyuma. Alikuwa ameanza kuizungusha ili itoke, na nyuzi zake zilikuwa na kutu na uchafu mweusi wa baa za watu. Aliendelea polepole. Kutu, kutu, kutu, kiasi cha vidole vinne, kisha ghafla nyuzi zikaanza kung'aa kama mpya. Akarudisha nusu mzunguko. Akaniambia kwamba sehemu iliyokuwa nje kwa miaka ndiyo iliyoshika kutu, na iliyokuwa ndani ya mguu imebaki safi, kwa hiyo chuma chenyewe kimeandika kilikuwa kimesimama wapi. Hakuhitaji Kijerumani. Akanipa spana nikaufanya mguu wa pili. Halafu akagusa zile tundu mbili ubavuni akauliza hapa palikuwa na nini. Nikaitoa pima ndogo mfukoni kama mtoto aliyekutwa na sukari. Akaifunga. Povu likaenda likakaa katikati ya mistari yake miwili, likatulia.

Akacheza yeye kwanza. Alisema bismillahi, akaachia springi, akashika pande zote mbili kama anayesukuma mkokoteni wa zege. Gololi ikapaa na safari hii ikarudi, tena kwa kasi, ikagonga ngoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, gitaa likipiga mayowe, na Mzee Hamisi akacheka mpaka akakohoa. Ilipotumbukia, bendi yote ikamcheka. Akasema jamaa wale wana kelele nyingi, lakini aliyewajengea sakafu alikuwa fundi.

Kisha akainama tena nyuma kukaza nati za kufungia miguu, nami nikacheza. Naweza kuwaambia kwamba huo ndio mchezo wangu wa kwanza, ile mingine ilikuwa matanga. Nilielewa mara moja. Kila kitu kinataka kuteremka, na kazi yako yote ni kukichelewesha. Mikono ilitoka jasho, nilicheka peke yangu, nikasahau mwisho wa mwezi. Namba zilipanda, taa zikazunguka, yule mwenye kinywa wazi akaniimbia mimi kabisa, na nilimpenda. Katikati ya furaha hiyo Bwana Dieter akaingia, na Wafula nyuma yake.

Akatazama gololi inavyokimbia. Akauliza nani ametengeneza. Wafula, bila nia mbaya, akasema ni Fundi Mwero, amesumbuka nayo wiki nzima. Bwana Dieter akanipa mkono. Mzee Hamisi alikuwa palepale, amepiga magoti nyuma ya mashine, spana mkononi. Aliinua uso akanitazama, wala si kwa ukali. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama ninapopima, akisubiri nimsomee povu liko wapi.

Nikasema, "Asante."

Ni hilo tu. Sikusema uongo, kama mnapenda kuhesabu hivyo. Mimi nimehesabu hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mzee Hamisi akasimama, akaifuta spana kwa kitambaa, akaipachika mahali pake kwenye sanduku, akasema subalkheri kwa wote, akatoka. Nadhani Bwana Dieter alidhani alikuwa anafagia.

Mawakala walikuja Jumamosi, wakaizingira mashine, wakasahau hata kukagua vyumba, jambo lililotusaidia. Mwisho wa mwezi Mzee Hamisi akaenda kwao Msambweni na sanduku lake. Mimi nikapewa funguo za karakana. Pima maji aliniachia juu ya meza ya kazi.

Mwaka uliofuata nilikwenda kumwona nikiwa na kilo mbili za sukari na maneno niliyoyapanga njia nzima. Alinikaribisha kama mwanawe, akaagiza chai, akaniuliza habari za watoto kwa majina. Kisha akauliza, "Ile mashine bado yateremka?" Nikasema yateremka. Akasema vyema. Maneno yangu nikarudi nayo, pamoja na mkungu wa ndizi alionibebesha. Nikajiambia nitakuja siku nyingine. Nilikuja kweli, siku ya mazishi yake, nikalishika jeneza, na watu wa Msambweni wakanishukuru kwa wema wangu. Mnaona namna asante zinavyonifuata.

Mashine yenyewe chumvi ya bahari iliila, na wengi wenu mliikuta imegeuzwa meza ya kuwekea maua karibu na mapokezi. Wanaume watano wenye moto walimalizikia kushika vyungu. Lakini mtu akiichunguza ubavuni ataona pima ndogo ipo bado, imefungwa kwa skrubu mbili, na haikufungwa na mimi.

Kwa hiyo siku ya kuagwa mlinisikia nikisema asante ya pili kwa kazi ileile ya mtu mwingine, na safari hii sikuwa hata na mtoto shuleni wa kusingizia. Nimeona aibu, na naisema hapa ili msije mkadhani ni maringo ya mzee. Kijana mmoja kati yenu akimbie Ukunda kwa fundi wa vibao. Rangi kama haijakauka, afute jina langu. Kama imekauka, akwangue. Aandike Karakana ya Mzee Hamisi, herufi kubwa zionekane tangu jikoni.

Pima maji ya shaba iko kwenye droo ya chini, upande wa kushoto. Mkikitundika kibao, kipimeni nayo. Hicho ndicho kinachotakiwa kulala sawa.